Milango Sitini na Mmoja

Jumatatu, 4 Septemba

Salaale! Kiti cha msimamizi kiko wazi! Aliyekuwa msimamizi wetu wa mtandao ameondoka ghafla, kapata kazi kwingine, hata kikombe chake cha chai hakukichukua. Madamu, mkuu wa kitengo chetu hapa chuoni, ametuita saa mbili asubuhi kutupa habari. Mimi na Ngazi. Ngazi ni fundi mwenzangu. Anaitwa hivyo kwa sababu haendi popote bila ngazi begani. Ruta zetu zote, zile mashine za kugawa mtandao, zimetundikwa juu ukutani kwenye visanduku vya chuma, naye hupenda kuzifuata huko huko.

Sharti la Madamu ni hili. Mpaka Alhamisi saa sita mchana kila mmoja wetu alete orodha ya milango yote ya ruta za chuo, yaani yale matundu tunayochomeka waya, na aonyeshe upi unatumika na upi hautumiki. Mwenye orodha bora atakalia kiti. Jumamosi milango isiyotumika itafungwa yote. Kisa? Wiki jana nyuma ya ukumbi amekutwa mtu asiyejulikana, kachomeka kompyuta yake kwenye tundu lisilo na mwenyewe, yuko siku ya tatu anatazama mpira. Alikuja na mto wake kabisa!

Ngazi akasema atazunguka jengo kwa jengo aone kwa macho yake. Nikacheka mpaka Madamu akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba mimi sitainuka kitini. Nitaandika skripti, maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe, iingie kila ruta na kuniletea orodha. Itakuwa tayari kesho kabla ya chai.

Kiti hiki lazima nikipate. Si tamaa. Ni kwamba nimeshakipata. Yaani, mwezi wa saba nilimwambia mke wangu nimepandishwa cheo. Ilinitoka tu! Tulikuwa tunabishana nani akae nyumbani kumsubiri fundi bomba. Mke wangu akamwambia baba yake. Na leo, lo, naambiwa baba mkwe anakuja kesho kuchukua miwani mipya, atakaa kwetu wiki nzima, na hamu yake kubwa ni kuiona ofisi ya mkwe wake msimamizi.

Na si mgeni wa kudanganywa. Amefanya kazi pale pale chuoni miaka ishirini na miwili. Ndiye aliyezitundika hizo ruta.

Jumanne, 5 Septemba

Skripti imekwisha saa nne kasorobo. Nimeiendesha. Jibu: milango mia moja ishirini na sita.

Nimeduwaa. Tuna ruta kumi na nne, kila moja ina matundu ishirini na manne. Hata mtoto wa chekechea anajua haiwezi kuwa hivyo. Mengine yamekwenda wapi? Nimesimama juu ya meza kuhesabu matundu ya ruta ya ofisini kwetu kwa kidole. Ishirini na manne. Skripti inasema tisa!

Nimehangaika saa mbili. Kumbe ni ruwaza. Ruwaza ni kile kielelezo unachoipa skripti ili itambue maneno unayoyataka. Mimi niliiambia itafute neno "mlango" na tarakimu. Tarakimu moja. Ikatii kama askari. Mlango wa kumi na moja ikausoma wa kwanza. Wa kumi na tisa, wa kwanza. Wa ishirini na tatu, wa pili. Yote ikaipanga mmoja juu ya mwingine ikaona ni ule ule. Masalale!

Nikaona niache ubahili. Nikaweka nukta na kinyota, maana yake chochote, kwa wingi wowote. Jibu: milango elfu mbili mia moja kumi na minane! Nusura nianguke. Imehesabu kila mstari. Imehesabu tarehe. Kila ruta ukiingia inakupa onyo, "Usiingie bila ruhusa", na onyo hilo nalo limehesabiwa kuwa mlango, mara kumi na nne.

Mwishowe nikarudi kwenye tarakimu, nikaongeza alama ya kujumlisha mbele yake, moja au zaidi. Mia tatu thelathini na sita. Kumi na nne mara ishirini na nne. Nikapiga meza kwa furaha, chai ikamwagikia kibodi. Herufi ya "m" sasa lazima uibonyeze mara mbili.

Ngazi amepita jasho likimtiririka, utando wa buibui kwenye nywele. Amemaliza ruta mbili. Nikampa pole ya uongo.

Jioni baba mkwe amefika. Nikamwamkia shikamoo baba. Akanipokea kwa mikono miwili, akasema marahaba bwana msimamizi. Mke wangu anachekelea pembeni.

Jumatano, 6 Septemba

Siku ya pili ya kazi: upi unatumika, upi hautumiki.

Hapa bahati imeniangukia. Kila mlango una maelezo yake ndani ya ruta, na maelezo yote aliyaandika baba mkwe enzi zake, kwa Kiswahili, sentensi nzima. Chuoni walimwita Sanifu. Mafundi wengine huandika "pt3 mktb" wakaenda zao. Yeye ameandika "Mlango huu unatumika na maktaba." Ameweka mpaka nukta mwishoni!

Basi kazi rahisi. Nikaiambia skripti itafute "tumik". Ikaleta milango mia tatu thelathini na mitano. Yote inatumika! Chuo kizima hakina tundu lililo wazi! Nikashangaa, na yule wa mpira na mto wake alichomeka wapi? Nikafungua maelezo ya mlango wake. "Mlango huu hautumiki." Lahaula! Ndani ya "hautumiki" mna "tumik" vile vile.

Na mlango mmoja haukuonekana kabisa. Maelezo yake hayana neno hilo, wala sijui yana neno gani. Mmoja katika mia tatu na ushei. Nani atauliza? Nimeuhesabia kwenye inayotumika, mambo yakaisha.

Kisha nikapata ufunuo. Nilikuwa nakula ndizi, nikasimama na ganda mkononi. Unatumika, mwisho "a". Hautumiki, mwisho "i". Tofauti ni herufi moja! Nikabadilisha ruwaza: tafuta "tumiki". Kila penye "tumiki" mlango umekufa. Herufi sita. Jibu: milango sitini na mmoja isiyotumika. Ajabu ya akili yangu! Nilitamani mtu awepo aone, lakini ofisini nilikuwa peke yangu na ganda.

Mchana Ngazi ameacha daftari lake mezani akaenda kunawa. Sikulichukua. Nililifungua tu. Amefika ruta ya tisa na yuko mbio. Kwa kasi ile atamaliza kesho asubuhi, na Madamu anapenda sana watu wanaotoka jasho.

Nikapiga moyo konde. Nikaibeba ngazi yake, nikaifungia chumba cha karatasi. Chumba kile kinafunguliwa kwa kadi, kuingia na kutoka, na hakuna mtu anayekwenda huko isipokuwa karatasi zikiisha. Saa nane Ngazi akaanza kutafuta ngazi. Ameuliza kila mtu. Amebandika tangazo ubaoni: aliyeona ngazi, tafadhali. Nilimsaidia kuandika, mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake.

Saa tisa na nusu nikachungulia dirishani. Sikuamini macho yangu. Ameazima meza ya maktaba, ameweka kiti juu yake, anaendelea na kazi! Watu wengine hawajui kukata tamaa.

Wakati wa chakula cha jioni baba mkwe akaniuliza kama maelezo yake bado yamo ndani ya ruta. Nikamwambia yamo. Akafurahi sana. Akaanza kunieleza kwamba hakuandika ovyo, kila kitenzi alikichagua, kwamba kuna kutumia na kuna kutumika na kuna... Nikamkatiza kwa adabu. Nikasema baba, sisi wasimamizi kazi tunaiacha kazini. Akaniangalia kwa heshima. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 7 Septemba

NIMEPATA! Mimi! Kiti ni changu!

Lakini nianze mwanzo, maana nilikaribia kuzimia. Saa sita kamili tumesimama mbele ya Madamu. Ngazi ametoa daftari lililojaa vumbi: milango mia tatu thelathini na sita, isiyotumika hamsini na minane. Mimi nimetoa karatasi safi yenye jedwali: mia tatu thelathini na sita, isiyotumika sitini na mmoja. Madamu ameziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Akauliza hii mitatu ya ziada ni ipi.

Sikuwa nimejiuliza. Ngazi akasema milango hiyo mitatu ameiona kwa macho yake, taa zake za kijani zinapepesa usiku na mchana. Nikamwambia Madamu kwamba taa kuwaka si kazi. Taa ya nje kwangu huwaka hata sisi tukiwa safarini. Nikasema jicho la mtu huchoka, hasa likiwa juu ya kiti kilicho juu ya meza, lakini skripti haichoki. Nikasema mashine imesoma maelezo ya kila mlango, herufi kwa herufi. Jambo hilo ni kweli tupu.

Madamu akaniuliza na mimi je, nimeyasoma? Nikasema ndiyo bila kupepesa macho.

Akafikiri. Akasema sawa, nitakuwa msimamizi kwa majaribio, na Jumamosi saa tatu nitaifunga milango hiyo mwenyewe, kwa mkono wangu na kwa sahihi yangu. Akanipa ufunguo wa ofisi. Nikasaini kabla hajamaliza sentensi.

Ngazi alinipa mkono wa hongera. Mtu wa ajabu! Hata hakununa. Aliniomba jambo moja tu, kabla ya kuifunga ile mitatu niyasome maelezo yake kwa macho. Nikamwambia asiwe na kinyongo.

Kiti kinazunguka! Nimezunguka mpaka kichwa kikaniuma. Sasa sijasema uongo tena kwa mke wangu. Nilitangulia tu kidogo kusema kweli.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimemleta baba mkwe ofisini. Amekikalia kiti, amekigusa mkono, amekisifu. Machozi yalimlenga. Akasema miaka ishirini na miwili alikuwa fundi, hakuwahi kupewa kiti cha kuzunguka, na leo mume wa binti yake anacho. Nikajisikia vibaya kwa muda wa dakika moja hivi.

Kisha Ngazi akaingia. Kumbe Ngazi alifundishwa kazi na baba mkwe! Nilisahau kabisa! Akamwamkia kwa kuinama, akamwita mwalimu wangu. Wakakumbatiana. Mimi nimesimama na ufunguo wangu kama mgeni wa harusi. Ngazi akamwambia mwalimu kesho tunafunga milango sitini na mmoja. Baba mkwe akashtuka. Akasema anavyokumbuka aliacha kama sitini kasoro mbili.

Akaomba aone orodha. Nikampa, ningefanyaje? Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaigusisha pua. Mungu mkubwa! Haoni! Miwani ya zamani alishaikalia, mipya anaichukua kesho asubuhi. Akaniomba nimsomee maneno yake. Karatasi yangu ina namba tu, maneno niliyaacha ili jedwali lipendeze. Nikamsomea namba, kwa sauti nzuri, polepole, mpaka akasinzia.

Ngazi bado anatafuta ngazi yake. Tangazo limekaa siku ya tatu. Mtu ameandika chini yake kwamba imepanda cheo. Nilitaka kuirudisha, lakini sasa nitasema niliipata wapi? Itakaa huko huko mpaka karatasi ziishe.

Jumamosi, 9 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu kamili nilikaa kitini. Nikanyoosha vidole. Nikaiamuru skripti ifunge milango yote sitini na mmoja, ikafunga kwa kupepesa jicho. Nikajizungusha mara moja, taratibu.

Kurudi mbele ya skrini, imeganda. Nikabonyeza huku, kimya. Nikabonyeza kule, kimya. Nikabonyeza "m" mara mbili, mara nne. Nimejifungia nje! Njia ambayo kompyuta yangu hupita kuzifikia ruta ilikuwa miongoni mwa ile sitini na mmoja! Nikatoka mbio.

Koridoni nikakutana na katibu wa Mkuu wa Chuo amejishika kichwa. Mkuu wa Chuo alikuwa kwenye video na wakaguzi wanaoamua kama chuo chetu kiendelee kufundisha au kifungwe. Alikuwa katikati ya kusema kwamba mtandao wetu ndio fahari yetu. Picha ikakatika kwenye neno fahari.

Nikageuka upande wa pili. Mlinzi anakuja mbio, geti halifunguki, magari yamepanga foleni mpaka barabarani, na milango yote ya kadi imekufa. Yote! Nikasema moyoni, Yarabi, kuna la tatu? Lilikuwepo. Kutoka chumba cha karatasi tulisikia mtu akigonga. Anagonga kwa nguvu. Sauti ilikuwa ya Madamu.

Karatasi zimeisha leo! Siku zote za mwaka, leo! Alikwenda kuchukua mwenyewe kwa sababu Jumamosi mhudumu hayupo, mlango ukajifunga nyuma yake, kadi haifanyi kazi. Akapiga kelele kupitia upenyo wa mlango. Hakuuliza kwanza kwa nini amefungiwa. Aliuliza nani ameweka ngazi humu ndani.

Ngazi akanitazama. Sijawahi kutazamwa namna ile. Kisha akasema tu kwamba ili kufungua inabidi tufike kwenye ruta kuu na kuchomeka waya moja kwa moja, na ruta kuu iko juu ya mlango wa ukumbi, mita tatu kutoka sakafuni. Inahitaji ngazi.

Hapo ndipo baba mkwe alipoingia na mke wangu, wamepitia kilango kidogo cha waenda kwa miguu. Miwani mipya inameremeta. Akauliza kuna nini, nikasema ni hitilafu ndogo tu baba. Akapita moja kwa moja mpaka ofisini kwenye kompyuta yangu, sote tukamfuata, pale skrini ilipoganda na orodha nzima, namba na maneno. Akarekebisha miwani. Akaanza kusoma kwa sauti, kila mtu akisikia.

Mlango huu unatumikia ofisi ya Mkuu wa Chuo.

Mlango huu unatumikia geti na milango ya kadi.

Mlango huu unatumikia chumba cha mitambo, ambamo ruta zote husimamiwa.

Hata Madamu aliacha kugonga.

Unatumikia! Tu-mi-ki-A! "Tumiki" na "a" mkiani! Skripti iliona "tumiki" ndani yake, ikafuata amri yangu, ikaihukumu kufa. Baba mkwe akanigeukia, akaniuliza kwa upole kitenzi kile kimekanusha nini. Akasema hiyo ni kauli ya kutendea. Akasema milango mingine hutumika, lakini mitatu ile aliipa heshima yake, maana inawatumikia wengine, na ndilo jambo alilotaka kunieleza Jumatano tukiwa tunakula. Nilikaa, na kiti kikazunguka chenyewe kikanipeleka ukutani.

Mke wangu ndiye aliyepata akili. Akasema kama hakuna ngazi si kuna kiti. Tukakibeba kiti changu, kiti changu cha usimamizi, tukakiweka juu ya meza ya maktaba chini ya ruta kuu. Ngazi akapanda. Kiti kikaanza kuzunguka naye. Baba mkwe akakishika upande mmoja, mimi upande wa pili, mke wangu akamshika Ngazi miguu. Baba mkwe akamtajia namba za milango mitatu kwa kichwa, bila kusoma popote, na Ngazi akaifungua mmoja mmoja. Dakika arobaini na saba!

Madamu alitoka na ngazi mkononi. Alikuwa na vumbi la karatasi usoni na mlinzi akaogopa kumwambia. Akasema mfumo wa kadi umerudi na umemwonyesha nani alikuwa wa mwisho kuingia chumba kile kabla yake. Kadi yangu, Jumatano. Akasema wakaguzi wamekubali kurudi, watapiga simu Jumatatu kuthibitisha siku, na nimwombe Mungu. Akanidai ufunguo. Akasema nimekuwa msimamizi kwa siku mbili, na mbili hizo zilikuwa nyingi.

Baba mkwe akauliza, siku mbili? Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwezi wa saba, mwezi wa nane... Vidole vikasimama. Akavua miwani mipya, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu hakunikanyaga mguu safari hii. Alisogea tu, akasimama upande wa baba yake.

Jumapili, 10 Septemba

Nyumba imepoa. Mke wangu anaongea na mimi kupitia sufuria: anaweka moja chini kwa kishindo, najua ni swali. Nimekiri yote. Fundi bomba, cheo, ngazi. Nilipofika kwenye ngazi akatoka nje kabisa. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, halafu akalia kweli. Akaniambia yeye hakuolewa na kiti, lakini baba yake amewatangazia ndugu wote, na sasa nani atawapigia simu? Nimejisikia mdogo kama punje.

Baba mkwe hakunifokea, afadhali angefoka. Alisema njia ya mwongo ni fupi, basi. Kisha akanikalisha mezani, akaniandikia kwenye karatasi kwa mwandiko wake wa zamani: tumia, tumika, tumikia, tumikiwa, tumikisha. Chini akaandika na kukanusha kwake. Akaniomba niisome yote, polepole, mara kumi. Akasema anaondoka Jumanne, na akiulizwa na ndugu atasema mkwe wake bado anajifunza.

Maneno hayo yamenichoma. Nimeahidi. Nimeisoma mstari wa kwanza, nikaruka mpaka kwenye kukanusha, na hapo, Mungu wangu, nikapigwa na butwaa! Jibu lote liko pale! Hautumiki. Hazitumiki. Haitumiki. Kosa langu lilikuwa kuangalia mkia wakati Kiswahili kinakataa kwa kichwa! Kitu kikikataa kinaanza na "ha"! Karatasi nimeikunja, nimeiweka mfukoni. Hakuna haja ya kuisoma mara kumi.

Jumatatu, 11 Septemba

Ngazi amekikalia kiti. Kinapiga kelele sasa, tangu Jumamosi, kila akigeuka. Hakunisema kwa Madamu, hakunisema kwa yeyote. Amenipa kazi ya kupanga waya kwa rangi na akaniomba nisiguse ruta mpaka nimwite. Ameniletea na chai. Huruma yake inaniudhi kuliko yote.

Saa nne alipotoka, nimeiendesha ruwaza mpya. Tafuta kila neno linaloanza na "ha". Macho yalinitoka! Milango hamsini na TISA! Ngazi alisema hamsini na minane! Ameacha mmoja! Mwenye kutazama kwa macho, mwenye kupanda meza, ameacha mmoja, na mimi nimeupata nikiwa nimekaa!

Na tazama, ni ule ule mmoja wa Jumatano uliokataa kuonekana. Safari hii nimejifunza, sikukurupuka. Nimesoma maelezo kwa macho yangu mwenyewe kama nilivyoombwa. Kwenye jedwali yameingia maneno ya mwanzo tu, nafasi ni finyu: "Hapana ruhusa ku". Hapana! Kuna kukataa kuzidi hapana? Baba mkwe mwenyewe kaandika hapana.

Nimemwandikia Madamu barua, moja kwa moja, bila kupitia kwa Ngazi. Nimemweleza kwa heshima kwamba msimamizi mpya ameacha mlango mmoja, kwamba aangalie upya suala la kiti, na kwamba kwa uthibitisho mlango huo nimeshaufunga mimi, saa tano kasoro dakika mbili. Nimeweka sahihi.

Sasa ni saa tano na robo. Ofisi imetulia vizuri. Simu za mezani, ambazo Jumatatu hulia bila kupumzika, hazijalia hata moja, jengo zima. Wakaguzi walisema watapiga simu leo kuthibitisha siku ya kurudi, bila shaka wamechelewa. Madamu naona yuko dirishani kwake, ameshika mkono wa simu, anautikisa, anauweka sikioni tena. Lazima ni barua yangu, anataka kuniita.

Ngazi amepita koridoni mbio sana na ngazi yake. Sijui anakimbilia wapi.